Bushi za reki ya usukani: jibu kwa mwenye Hilux inayogonga

Swali: "Nina Hilux Vigo ya mwaka 2008, ya dizeli, 4x4, inayobeba viazi na mbao kutoka shambani hadi Makambako. Kwa miezi kadhaa sasa usukani hugonga 'ko' ninapouzungusha gari likiwa limesimama, na barabarani gari hutangatanga, hasa ninapopishana na lori. Nimebadilisha tairodi endi zote mbili (viungo vya mwisho vinavyounganisha usukani na tairi) na kufanya alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mwelekeo wa tairi, mara mbili bila nafuu yoyote. Fundi mmoja ameniambia ninunue reki nzima ya mtumba, mwingine anasema ni bushi tu. Nina jeki, seti ya spana na ua wenye sakafu ya saruji. Je, naweza kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani?"

Ndugu msomaji, kwa dalili ulizozieleza mimi ningeanza na bushi, zile raba zinazoishikilia reki, lakini nisingekushauri ununue hata hizo bushi kabla hujainama chini ya gari ukaiona reki ikicheza kwa macho yako mwenyewe. Reki nzima ni ghali, na ya mtumba huja na bushi zake za mtumba, zilizotembea miaka ile ile kama zako. Nimekwisha kuona mteja akitupa reki iliyokuwa nzima kabisa, akafungiwa nyingine, na baada ya wiki mbili mlio ukarudi kwa sababu hakuna aliyezigusa raba zilizokuwa chanzo cha yote.

Tuelewane kwanza kuhusu kifaa chenyewe. Hilux za kizazi chako, yaani za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hadi 2015, zina reki: bomba la aluminiamu lililolala kukingama sehemu ya mbele chini ya injini, lenye fimbo ya chuma yenye meno ndani yake, ambayo husukumwa kushoto na kulia na gia ndogo inayozungushwa na shafti ya usukani, huku mafuta ya pawa stelingi yakiongeza nguvu. (Mwenye Hilux ya 4x4 ya zamani zaidi, au Land Cruiser pikapu ya mfululizo wa 70, asipoteze muda kutafuta bushi hizi, gari lake lina boksi la usukani lililofungwa kwenye chesi, na ulegevu wake hutafutwa kwingine.) Bomba hilo la reki hufungwa kwa bolti kwenye boriti ya chesi, na kati ya bolti na mwili wa reki ndipo bushi zinapokaa. Bushi ya kawaida ina tabaka tatu: kibomba cha chuma katikati ambamo bolti hupita, raba iliyoshikamana nacho, na mara nyingi ganda jembamba la chuma kwa nje. Kwenye baadhi ya magari upande mmoja hauna tundu la bushi, bali kibano cha chuma kinachokumbatia reki juu ya raba yenye umbo la herufi D.

Raba ipo pale ili mitetemo ya barabara isipande hadi mikononi mwako. Inapochoka, nguvu ya kwanza unayoitia kwenye usukani haifiki kwenye tairi. Huisukuma reki yote pembeni hadi chuma kikutane na chuma, na hapo ndipo tairi zinapoanza kugeuka. Hiyo ndiyo "ko" unayoisikia. Ukiwa kwenye mwendo ni mambo yale yale: unarekebisha usukani kidogo na gari halisikii, unaongeza kidogo tena na gari linageuka kuliko ulivyotaka, kisha unalirudisha, na safari nzima inakuwa ya kulikimbiza gari ndani ya njia yake. Alaimenti haiwezi kuponya hali hii, kwa kuwa hupimwa gari likiwa limetulia, ilhali kasoro yako hujitokeza pale tu reki inaposukumwa.

Jaribio lenyewe ni rahisi, lakini lifanywe kwa adabu. Weka gari mahali tambarare, tairi zote nne zikiwa chini. Usilinyanyue, kwa sababu uzito wa gari juu ya tairi ndio unaoipa reki kitu cha kusukumana nacho. Vuta breki ya mkono, weka gia huru, zuia tairi za nyuma kwa vigogo mbele na nyuma, na mwombe mtu mzima unayemwamini akae kwenye kiti, mguu wake ukiwa juu ya breki muda wote. Washa injini. Yeye azungushe usukani robo ya mzunguko kushoto na kulia, haraka haraka, bila kufika mwisho. Wewe angalia kwa tochi kutoka mbele, mikono yako ikiwa mbali na feni, mikanda na tairi, na usiwe umevaa shuka wala koti linaloning'inia. Kabla ya hapo uwe umechora mstari mmoja wa chaki unaovuka kutoka kwenye mwili wa reki hadi kwenye boriti. Raba hunepa kidogo, na mstari ukikatika kwa unene wa ukucha hilo si kosa. Lakini ukiona reki ikiteleza milimita 3 au 4 huku tairi bado zimesimama, umeshampata mwizi wako.

Usiinuke bado. Tazama na krosi ya shafti ya usukani, kile kiungo kinachojikunja kati ya shafti ya juu na ya chini, pale inapoingia kwenye reki: ikiwa shafti ya juu inazunguka kidogo kabla ya ile ya chini, krosi nayo imekwisha, na mlio wake unafanana sana na wa bushi. Kisha zima injini, nyanyua upande mmoja wa mbele, utegemeze kwa stendi, uishike tairi kwa mikono miwili, mmoja kushoto na mwingine kulia, uitikise. Ikicheza, shika buti ya raba iliyo mwisho wa reki huku msaidizi akiendelea kutikisa. Ukihisi kitu kikigonga ndani ya buti, basi ile bol jointi ya ndani, ambayo mafundi huiita reki endi, ndiyo iliyolika, na tairodi endi ulizobadilisha ni za nje tu. Hatimaye minya buti zote mbili. Zikiwa zimejaa mafuta, sili za ndani za reki zimepasuka, na hapo yule fundi wa kwanza atakuwa amesema kweli, japo kwa sababu nyingine.

Tuchukulie kwamba ni bushi. Kabla ya kwenda dukani, pitisha kidole juu ya zile za zamani. Raba iliyo kavu, ngumu na yenye nyufa imekufa kwa umri, vumbi na makorongo. Lakini raba iliyovimba na kulainika kama mkate uliolowekwa kwenye chai imekufa kwa mafuta, na mafuta hayo yanatoka juu yake: sili ya mbele ya injini, hosi ya pawa stelingi iliyochoka, au mfuniko wa injini unaovuja. Ziba kwanza uvujaji huo, la sivyo mwakani utakuwa chini ya gari tena kwa kazi hii hii.

Kuhusu aina ya bushi, msimamo wangu si wa kila fundi. Kwa gari la mizigo linalopita barabara za vumbi, mimi hupendelea raba halisi zinazolingana na namba ya chesi ya gari lako. Bushi za poliyurethani ni ngumu zaidi, huupa usukani uharaka fulani ambao vijana huupenda, na hazisumbuliwi sana na mafuta; gharama yake ni mtetemo zaidi mikononi, na zisipopakwa grisi ya silikoni huanza kulia kama kitanda cha chuma. Zile za nailoni zinazochongwa kwa lethi hukaa muda mrefu, ila hazinepi hata kidogo, kwa hiyo kila shimo hupigwa na reki yenyewe pamoja na masikio yake ya aluminiamu yanayobeba bushi, na sikio likipasuka halina tiba ya maana. Na zile zinazokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu sizifungi kwenye usukani wa gari la mtu yeyote. Ukichagua poliyurethani, soma karatasi ya seti kabla ya kufungua kitu: baadhi hutaka ganda la nje la bushi ya zamani libaki mahali pake, nyingine hutaka litolewe, na ukikosea hapo bushi mpya ama haitaingia, ama itaelea ndani ya tundu.

Kazi hii unaiweza nyumbani, ukitenga siku nzima na kukubali kwamba huenda ikawa siku mbili. Zaidi ya ulivyonavyo utahitaji stendi mbili imara za jeki, soketi kubwa za kuanzia 17 hadi 24 zenye mkono mrefu, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kivutio cha tairodi, wembe wa msumeno wa chuma, na fimbo ndefu yenye nyuzi pamoja na nati na washa nene, ambazo zitakuwa mashine yako ya kukandamizia bushi. Jioni ya siku iliyotangulia, safisha bolti za reki kwa brashi ya waya na uzilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu, asubuhi rudia.

Anza kwa kuzinyoosha tairi mbele, usukani ukiwa katikati. Tenganisha waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90, muda ambao Toyota huuagiza kabla ya kugusa chochote kinachohusiana na mfuko wa hewa. Kisha ufunge usukani usizunguke: mkanda wa kiti uliopitishwa ndani yake na kukazwa unatosha. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nililipa gharama yake. Nilipokuwa kijana gerejini nilifungua shafti ya reki bila kuufunga usukani, mwenzangu akapanda ndani kutafuta spana, akajishikiza kwenye usukani, nao ukazunguka huru mizunguko kadhaa. Chini ya usukani kuna utepe wa nyaya ulioviringishwa, mafundi wanauita klok springi, ambao una urefu wa kutosha kufika mwisho wa kona kila upande na si zaidi. Ukakatika. Gari likatoka na usukani mzuri, taa ya mfuko wa hewa ikiwaka na honi ikiwa bubu, na mshahara wangu wa mwezi ule ukaishia kwenye kiutepe kisichozidi uzito wa kisanduku cha kiberiti.

Legeza nati za tairi za mbele, nyanyua gari, uweke stendi chini ya chesi na si chini ya mikono ya suspensheni, kisha litikise gari kwa nguvu kabla ya kuingia chini yake. Jeki pekee si tegemeo, hata kwa dakika moja. Toa tairi na ile sahani ya kinga iliyo chini ya injini. Kwenye tairodi endi, chomoa kota pini, ile pini inayozuia nati isifunguke, legeza nati bila kuitoa yote, kisha tumia kivutio. Kama huna, piga kwa nyundo ubavu wa sikio la chuma linalopokea tairodi, huku ukishikilia nyundo nyingine upande wa pili. Mapigo mawili matatu ya uhakika huiachisha. Usipige kwenye nyuzi, na usiifungue tairodi endi kutoka kwenye fimbo yake, kwani ikibaki hapo alaimenti yako haitapotea sana.

Piga alama ya rangi inayovuka kutoka kwenye shafti ya usukani hadi kwenye shina la gia ndogo ya reki, toa bolti ya krosi na uivute shafti juu. Sasa bolti za reki. Zikigoma, tatizo mara nyingi si nyuzi bali kutu iliyoishikamanisha bolti na kibomba cha ndani cha bushi. Utaijua kwa sababu bolti huzunguka na raba nzima huzunguka nayo. Hapo usiongeze urefu wa mkono wa spana hadi kitu kivunjike. Zungusha mbele kidogo, rudisha, tia mafuta, rudia. Bolti iliyokwama kabisa hukatwa kwa msumeno kati ya reki na boriti, na mpya hununuliwa yenye ugumu uleule wa ile ya kiwanda. Usikubali bolti ya kawaida ya dukani kwenye usukani.

Bolti zikiwa zimetoka, jaribu kwanza kuisogeza reki mbele bila kufungua mabomba ya mafuta. Ukipata nafasi ya upana wa kiganja, huenda ukazibadilisha bushi hapo hapo, na utakuwa umejiepusha na kazi ya kutoa hewa. Itegemeze reki kwa ubao au ifunge kwa waya. Isining'inie hata kidogo kwenye mabomba yake. Nafasi ikikosekana, weka chombo chini, fungua mabomba, ziba midomo yake kwa plastiki safi ili mchanga usiingie, na uipeleke reki mezani.

Kutoa bushi ndiko kunakochosha. Watu wengi huchoma raba kwa moto, na ni kweli inatoka upesi, lakini joto lile husafiri kwenye aluminiamu hadi kwenye sili za reki, nawe utakuwa umelitengeneza tatizo ambalo fundi wa kwanza alikutabiria. Tumia fimbo yenye nyuzi: upande mmoja soketi kubwa ambayo bushi inaweza kuingia ndani yake, upande mwingine soketi ndogo kidogo kuliko tundu, kisha kaza nati taratibu hadi bushi itoke. Ikiacha ganda lake la nje, pitisha wembe wa msumeno ndani ya tundu na ulikate ganda kwa urefu, ukisimama kila mara kutazama. Chuma cha ganda hutoa unga wa kijivu kizito. Ukianza kuona unga mweupe unaong'aa, umeshafika kwenye aluminiamu, acha. Mikato miwili iliyo karibu, kisha patasi ndogo inayolikunja ganda kuelekea ndani, na litatoka kwa mkono. Lainisha tundu kwa msasa mwembamba, lifute likauke.

Bushi mpya za raba huingizwa kwa fimbo ile ile, zikiwa zimepakwa maji ya sabuni na si grisi ya kawaida, ambayo huila raba. Angalia zinaingia zikiwa wima. Ikianza kulala upande, itoe uanze upya, maana ikiingia kwa mshazari itaharibu tundu. Kama ina alama au mfereji, iweke kama ya zamani ilivyokuwa, jambo ambalo ulipaswa kulipiga picha kabla ya kuitoa.

Wakati wa kurudisha, ingiza bolti zote kwa vidole kwanza, reki ikiwa imetulia mahali pake bila kulazimishwa, ndipo uzikaze kwa zamu. Huenda umesikia kwamba bushi hukazwa gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Hiyo ni kanuni ya bushi za mikono ya suspensheni, ambazo hujikunja kila gari linapopanda na kushuka. Reki haijikunji hivyo, kwa hiyo unaweza kuikaza gari likiwa bado juu ya stendi. Kiasi cha kukaza kifuate kitabu cha mwaka na modeli ya gari lako, kwa toki renchi. Kukaza kwa hisia ndiko kunakopasua masikio ya reki. Rudisha shafti kwa kufuata alama ya rangi. Nati ya tairodi ikikazwa na tundu la pini lisilingane, ongeza kukaza hadi lilingane, usiirudishe nyuma kamwe, na pini iwe mpya.

Kama ulifungua mabomba, jaza mafuta ya pawa stelingi, ambayo kwa gari lako ni ATF (mafuta ya gia za otomatiki) ya Dexron II au III, na huku tairi za mbele zikiwa juu na injini imezimwa, zungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa ukiongeza mafuta yanaposhuka. Kisha rudisha waya wa betri, washa injini na urudie, bila kuushikilia usukani mwishoni kwa zaidi ya sekunde 2 au 3. Mafuta yakiwa na povu au rangi ya maziwa, hewa bado imo. Zima, subiri, rudia.

Funga tairi, shusha gari, na ulifanyie tena jaribio la chaki tulilolianza nalo, kwa sababu hilo ndilo litakalokuambia kama kazi imefaulu, si ukimya wa barabarani. Zunguka mtaani kwa mwendo wa pole na ujaribu breki. Usukani ukikaa upande kidogo unapokwenda moja kwa moja, usiufungue kuunyoosha. Reki imerudi katikati yake halisi, na alaimenti moja ya mwisho itausawazisha. Safari hii italipa, kwa kuwa ina kitu thabiti cha kupimia.

Kabla hujapakia viazi, chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye kichwa cha kila bolti ya reki hadi kwenye boriti. Baada ya wiki moja ya kazi ingia chini utazame mistari hiyo. Ikiwa bado imenyooka, iache. Ukikuta mmoja umekatika, usiikaze bolti hiyo juu juu. Itoe, kagua nyuzi zake na za nati, ubadilishe iliyovutika, ndipo uikaze upya kwa kipimo.